Kalemie: Mpunga wa Kabimba unapotelea wapi kabla ya kufika sokoni?

Kuanzia mwisho wa mwezi wa nne hadi mwezi wa sita, mvua zinapokatika katika teritware ya Kalemie, wakulima wa mpunga wanaingia mashambani na visu na mundu. Kwa familia za Kabimba na vijiji vya jirani, kaskazini ya mji wa Kalemie kando ya ziwa Tanganyika, majuma matatu ao manne yanayofuata ndiyo yanaamua kama kazi ya tangu mwezi wa kumi na mbili ilikuwa na faida ao hapana. Ajabu ni kwamba katika mikutano ya kilimo jimboni majuma hayo hayazungumzwi sana. Watu wanahesabu mbegu zilizogawanywa, majembe, hekta zilizolimwa. Mpunga ukishakatwa, hesabu inafungwa.

Mwaka 2025 ulikuwa mwisho wa ahadi kubwa juu ya jambo hili. Mwezi wa sita 2014, wakuu wa nchi za Afrika walikutana Malabo, Guinea ya Ikweta, wakaahidi kwamba ifikapo 2025 mazao yanayopotea baada ya mavuno yatakuwa yamepunguzwa kwa nusu. Mwezi wa kwanza 2025, muda ukiwa umewaishia, wakakutana tena Kampala. Lengo likabaki lile lile, nusu, ila sasa mwisho ni 2035. Kwenye karatasi ni tarehe tu iliyobadilishwa. Kwa mkulima ni mavuno mengine kumi, na mwezi wa tatu 2025 mashirika ya PAM na FAO yalitangaza kwamba karibu Wakongomani milioni 28 hawana chakula cha kutosha.

Hasara ya baada ya mavuno huelezwa mara nyingi kama ukosefu wa elimu: mkulima hajui kuanika, hajui kutunza, basi aletewe semina. Ukifuata gunia moja hatua kwa hatua unakuta jambo lingine. Wakulima wengi wanajua vizuri mpunga mkavu ni upi. Ila soko linamlipa sawasawa aliyeanika na asiyeanika, na mara nyingine linamlipa zaidi asiyeanika. Hapo ndipo semina inaposhindwa.

Hesabu ya kilo 1000

Tuchukue mfano ili hesabu ionekane. Shamba limezaa kilo 1000 za mpunga, zikiwa bado kwenye masuke. Tuseme kilo 5 kwa kila 100 zinaanguka wakati wa kukata na kubeba. Tano nyingine kwa kila 100 zinabaki kwenye majani ao zinaruka mbali wakati wa kupura. Tatu zinaliwa na kuku, panya na ukungu wakati wa kuanika na kutunza. Namba hizo hazikutiwa chumvi: mfumo wa APHLIS, unaokadiria upotevu wa nafaka barani Afrika, unaweka hasara ya mpunga katika nchi nyingi za kusini ya Sahara juu ya asilimia 10. Mwishoni mkulima wetu anabaki na kilo kama 875.

Sasa zinakwenda mashini. Punje ya mpunga ina makapi karibu asilimia 20 ya uzito wake, na pumba asilimia 8 hadi 10. Kwa hiyo katika kilo 100 za mpunga mzuri, mchele hauwezi kupita sana kilo 70. Mashini ndogo ya chuma inayotumika vijijini, ile inayosaga makapi na pumba kwa pamoja katika njia moja, hutoa kilo 50 hadi 55, na sehemu kubwa ni chenga. Mashini yenye roli za mpira, inayotoa makapi kwanza kisha ikasafisha mchele, hutoa 65 ao zaidi. Kwa kilo 875 za mfano wetu, ya kwanza ikitoa 52 kwa 100, mchele ni kilo 455. Ya pili ikitoa 66, mchele unapita kilo 570. Tofauti ni kama kilo 120. Familia inayopika kilo 2 kwa siku ingekula miezi miwili.

Na kama zile hasara za kukata, kupura na kutunza zingepunguzwa kwa nusu, kama Malabo ilivyotaka, mchele wa mashini nzuri ungefika karibu kilo 618. Yaani kutoka 455 hadi 618, kwa shamba lile lile, mbegu ile ile, bila kukata mti hata mmoja wa pori jipya. Ni vigumu kupata mbegu ya kisasa itakayompa mkulima nyongeza hiyo katika msimu mmoja.

Siku kumi za hatari

Mpunga unafaa kukatwa wakati punje 80 hadi 85 kwa kila 100 za suke zimegeuka rangi ya majani makavu, siku 30 hivi baada ya kuchanua. Ukikatwa mapema, punje mbichi zinavunjika mashini. Ukichelewa, punje zinaanguka zenyewe, ndege wanakula, na zile zinazobaki zinapata nyufa ndogo ndani kwa sababu zinalowa na umande usiku na kukauka na jua mchana. Nyufa hizo hazionekani kwa macho. Zinaonekana mashini, kwenye rundo la chenga.

Anayechelewa mara nyingi hakutaka kuchelewa. Kukata suke moja moja kwa kisu kunadai mikono mingi, na mikono ya kijiji chote inatafutwa juma moja. Mwenye pesa za kulipa vibarua anakata kwa wakati. Mjane mwenye robo ya hekta anangoja watoto watoke shule.

Baada ya kukata, mpunga unarundikwa ukingojea kupurwa. Ukikatwa una unyevu wa asilimia 20 hadi 24. Rundo la namna hiyo linapata joto ndani, na baada ya siku chache punje zinageuka njano na harufu inaingia. Mvua moja ya mwisho wa mwezi wa nne inatosha kumaliza kazi. Mchele wa njano unauzwa bado, lakini mnunuzi wa mjini anauona na kutaja bei yake.

Kisha kupura. Kupiga kwa fimbo juu ya udongo kunaacha punje kwenye majani, kunarusha nyingine, na kunaingiza mawe. Kila mtu wa Kalemie amewahi kuuma jiwe katika mchele wa nyumbani na kusema afadhali ule wa ng'ambo. Dawa ya kwanza hapa ni ya bei ndogo: bashi, ile turubai ambayo ndugu wa Kivu wanaiita shitingi. Pipa ao gogo linalazwa juu ya bashi, mpunga unapigwa hapo, punje zinabaki safi. Katika jimbo ambalo limepokea wahami kwa maelfu tangu mapigano ya Watwa na Waluba ya 2016, bashi imejulikana zaidi kama ukuta wa nyumba ya kambini. Kama chombo cha kilimo, miradi imeiweka nyuma ya jembe na mbegu, na nionavyo mimi ni kosa la hesabu.

Kwa vikundi vikubwa kuna mashini ya kupura. Mfano unaojulikana zaidi Afrika ni ASI ya Senegal. Ilitengenezwa katika miaka ya 1990 na shirika la utafiti wa mpunga la AfricaRice, wakati ule ADRAO, pamoja na taasisi mbili za Senegal, SAED na ISRA, na jina lake limetokana na herufi za kwanza za majina hayo matatu. Inapura karibu tani 6 kwa siku. Mwaka 2003 ilipata zawadi ya rais wa Senegal ya sayansi. Jambo la kujifunza kwake ni fundi: tangu mwanzo mafundi wa vyuma wa Senegal walihusishwa, wakaitengeneza kwa vyuma vya kwao, na ikiharibika wanaitengeneza wenyewe. Mashini iliyoletwa ikiwa imefungwa kwenye sanduku, isiyo na fundi wala kipuri karibu, huishia kuwa kiota cha kuku.

Kuna upande mmoja ambao wahandisi husahau. Kupura, kupepeta na kuanika, kwetu, ni kazi ya wanawake kwa sehemu kubwa, na ni njia yao ya kupata kipande cha mavuno. Mashini ikija na ikakabidhiwa kamati ya wanaume, mzigo unapungua kweli, na kile kipande kinapotea pia. Kikundi kinachotaka mashini kinapaswa kuamua mapema nani anashika ufunguo na nani anashika pesa.

Kuanika kunamnyang'anya mkulima kilo 7

Mpunga wa kutunzwa unatakiwa kushuka hadi unyevu wa asilimia 14 ao chini yake. Wa mbegu, 12. Kwenye sakafu ao bashi, ukitandazwa kwa unene wa sentimita 2 hadi 4 na kugeuzwa kila nusu saa, jua la mwezi wa sita linafanya kazi hiyo kwa siku chache. Ukianikwa kwa haraka mno juani bila kugeuzwa, unapata nyufa. Yote hayo yanafundishika.

Sasa tazama hesabu ya soko. Kilo 100 za mpunga wenye unyevu wa asilimia 20 zina kilo 80 za punje kavu na kilo 20 za maji. Ukiukausha hadi asilimia 14, zinabaki kilo 93. Mkulima aliyekesha akigeuza mpunga, aliyefukuza kuku na kukimbiza bashi mvua ilipotisha, anafika kwenye mizani akiwa na kilo 7 pungufu kuliko jirani yake aliyeuza siku ile ile ya kupura. Kama bei ya kilo ni moja, jirani amefanya vizuri zaidi, na zaidi ya hapo amepumzika. Mnunuzi naye anajua kwamba amenunua maji, kwa hiyo anashusha bei kwa wote ili ajikinge. Anayeumia mara mbili ni yule aliyeanika.

Sokoni, mchele unapouzwa kwa meka, ujanja unabadilika lakini matokeo ni yale yale. Meka inapima ujazo. Mchele, chenga na vijiwe vinajaza meka kwa namna moja.

Kwa hiyo hakuna kampeni ya kuanika itakayodumu pasipo bei mbili: moja ya mpunga mkavu na safi, nyingine ya mpunga mbichi. Na bei mbili zinadai njia ya kupima ambayo pande zote zinaiamini. Kifaa cha elektroniki kipo, lakini si cha kila kijiji. Kuna njia ya chupa na chumvi, inayotumika mahali pengi: chukua chupa kavu yenye mfuniko, tia kiganja cha mpunga na vijiko vichache vya chumvi iliyokaushwa vizuri, funga, tikisa kwa dakika moja, acha kwa robo saa. Chumvi ikishika kwenye kioo, mpunga bado una unyevu wa zaidi ya asilimia 15. Ikianguka chini yote, uko tayari kuingia depo. Kikundi kinachofanya kipimo hicho mbele ya mnunuzi kina neno la kusema juu ya bei.

Mfano wa mnunuzi anayebadilisha tabia ya wakulima hauko mbali. Katika Bonde la Ruzizi, teritware ya Uvira, kiwanda cha bia cha Bralima mjini Bukavu kilikuwa mnunuzi wa mchele wa nyumbani, na chenga zilizokuwa zikidharauliwa sokoni zikapata kazi kiwandani. Huko Kabalo, wakati jimbo lilikuwa bado Katanga, PAM na FAO walijaribu mpango wa P4P, ambao PAM ilianza kimataifa mwaka 2008: kununua kwa vikundi vya wakulima wadogo badala ya kuleta kila kitu kutoka nje. Mnunuzi wa namna hiyo anaandika masharti ya unyevu na usafi kwenye mkataba. Mkulima akiona masharti yana bei ndani yake, anaanika.

Makao ya simenti

Jina la Kabimba linajulikana kwa simenti na chokaa kuliko mpunga. Kuna kichekesho kichungu hapo. Sakafu ya simenti ya kuanikia, ya mita 10 kwa 10, inatosha kikundi kizima kwa zamu, inadumu miaka mingi, na haihitaji mafuta wala kipuri. Vijiji vinavyokaa karibu na kiwanda cha simenti havipaswi kuanika mpunga juu ya udongo. Makampuni yanayochimba katika jimbo yana wajibu wa kisheria kwa jamii zinazowazunguka, na wajibu huo kwa kawaida unageuka kuwa shule ao kisima. Sakafu za kuanikia zinaweza kuingia kwenye orodha ile ile bila kuwafilisi.

Umeme ni swali la pili. Kituo cha Bendera, kwenye mto Kiyimbi, kaskazini ya teritware hii hii, ndicho kinachopelekea Kalemie umeme. Mashini ya roli za mpira inaweza kuendeshwa kwa injini ya mazuti, lakini mazuti ya Kalemie yanasafiri mbali na bei yake inamfuata mkulima hadi kwenye kila kilo inayokobolewa. Mwenye mashini aliye karibu na waya wa umeme ana faida ambayo wa kijiji cha ndani hana. Ndiyo sababu huenda ni busara kuweka mashini moja nzuri mahali penye umeme na njia ya maji, na kuacha vijiji vifanye vizuri yale yaliyotangulia: kukata, kupura, kuanika. Mpunga uliokauka vizuri unasafiri kwa mtumbwi hadi mashini bila kuharibika. Mbichi hausafiri.

Rubani wa mtumbwi anayeshusha mchele gatini Kalemie anakutana hapo na magunia ya Tanzania. Hilo si geni. Mchele uliingia mashariki ya Kongo kwa njia hiyo hiyo katika karne ya 19, pamoja na misafara ya wafanyabiashara wa pwani waliovuka kutoka Ujiji na kutua Mtowa, kaskazini kidogo ya Kalemie ya leo, wakielekea Kasongo na Nyangwe, ambako waliacha mashamba ya mpunga. Leo mama wa Kalemie anachagua mchele wa Supa wa Tanzania kwa harufu yake, na wa Asia kwa weupe na usafi wake. Wa nyumbani anaununua kwa sababu ni wa bei ndogo. Kwa ladha wengi wanausifu. Wanachokataa ni mawe na chenga.

Kutegemea wa ng'ambo kuna hatari yake. Tarehe 20 mwezi wa saba 2023, India, muuzaji mkubwa kuliko wote duniani, ilikataza kuuza nje mchele mweupe wa kawaida, na bei ya dunia ikapanda hadi kiwango kisichoonekana kwa miaka karibu 15. Zuio likaondolewa mwezi wa tisa 2024. Uamuzi uliochukuliwa New Delhi kwa ajili ya walaji wa India uligusa sufuria za nchi zote zinazonunua mchele, na Kongo ni mojawapo.

Deni la mwezi wa sita

Hata mpunga uliokauka vizuri unauzwa mara moja, wakati bei iko chini kabisa. Sababu inajulikana katika kila nyumba: deni la msimu linadaiwa, mgonjwa anangoja dawa, na mwezi wa tisa shule zinafunguliwa. Mkulima anauza mwezi wa sita pamoja na wenzake wote. Kati ya mwezi wa kwanza na wa tatu, depo ikiwa tupu, anarudi sokoni kununua mchele kwa meka, pengine ule ule wa shamba lake. Hasara hii haihesabiwi kwenye takwimu za upotevu kwa sababu hakuna punje iliyoanguka chini. Kwa mfuko wa familia inaweza kupita zote tulizotaja.

Njia inayojulikana ni depo ya pamoja inayofungua mlango wa mkopo. Niger, kwa msaada wa FAO tangu 1999, ilieneza kile ambacho maofisa wetu wa kilimo wanakiita warantaji: kikundi kinaweka mazao kwenye depo yenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa wakulima, mwingine kwa chama cha akiba na mikopo. Mkulima anapata mkopo wa sehemu ya thamani ya mazao yake, analipa shule na deni, na mazao yanauzwa bei ikipanda. Tanzania ina sheria ya stakabadhi za ghala tangu 2005, yenye mawazo ya karibu na hayo.

Tusidanganyane kwamba ni rahisi Kabimba. Warantaji inadai taasisi ya pesa iliyo tayari kufika kijijini na riba isiyomeza faida. Inadai pia kwamba bei ipande kweli: meli chache za mchele kutoka ng'ambo ya ziwa mwezi wa pili zinaweza kuishusha wakati mkopo unadaiwa. Na mpunga uliowekwa ukiwa mbichi utaoza kwa pamoja, ndani ya kufuli mbili.

Halafu kuna usalama. Mpunga uliotawanywa katika nyumba hamsini ni vigumu kuuiba wote. Ukiwa kwenye depo moja, mwenye bunduki anajua pa kwenda. Mwaka 2025, baada ya Goma na Bukavu kuanguka mikononi mwa M23, watu waliokimbia walifika Kalemie kwa boti, na mwezi wa kumi na mbili vita vikafika Uvira. Bonde la Ruzizi, shamba kubwa la mpunga la jirani zetu, limeingia katika mapigano. Kalemie ina midomo mingi zaidi ya kulisha, na msaada umepungua: Marekani ilifunga shirika lake la USAID mwezi wa saba 2025. Wenye depo ndogo za watu kumi ao kumi na tano, karibu na nyumba, pengine wana hekima zaidi kuliko mpango wa ghala kubwa moja lenye bango barabarani.

Kwa anayetunza nyumbani, magunia ya tabaka tatu yasiyopitisha hewa, yanayojulikana kama PICS, yanaua fukusi na nondo bila dawa kwa sababu yanawakosesha hewa. Lakini kwa mpunga, ambao ganda lake linaukinga kuliko mahindi, nisingeyaweka mbele ya bashi na sakafu. Panya anayatoboa, na mpunga wenye unyevu ndani yake unachacha.

Pesa zinakokwenda

Sera haikosekani. Sheria namba 11/022 ya tarehe 24 mwezi wa kumi na mbili 2011 iliweka misingi ya kilimo nchini. Mwaka 2003 huko Maputo, nchi za Afrika ziliahidi asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo, na Kongo iko mbali na kiwango hicho. Rais Tshisekedi amerudia mara nyingi wito wa kuufanya udongo ulipize kisasi juu ya madini. Mpango wa maendeleo ya teritware 145 umeweka mbele shule, vituo vya afya, ofisi za utawala na barabara. Na Benki ya Dunia, kwa mradi wa PICAGL ulioidhinishwa 2016 kwa ajili ya Kivu ya Kusini na Tanganyika, iliweka mpunga kati ya mazao yake.

Swali la kuuliza kwa kila mradi wa mpunga unaofika Kalemie ni dogo: katika kila dola 100, ngapi zinatumika baada ya siku ya kukata? Hekta mpya zinapendeza katika ripoti, zinapigwa picha, na mgeni anaonyeshwa. Kilo 120 ambazo hazikupotea hazipigwi picha. Lakini kuongeza hekta katika mnyororo unaovuja ni kuongeza pia kinachovuja, na ni mwanamke yule yule atakayepura.

Liwali wa jimbo na serikali yake wanaweza kuanza na wanunuzi ambao wana neno kwao. Hospitali, magereza, kambi za jeshi na polisi, shule zenye chakula cha mchana, PAM inapogawa chakula kwa wahami: wote hao wananunua ao wanagawa nafaka. Mkataba mmoja unaosema mchele wa nyumbani, usio na mawe, kutoka mpunga uliopimwa unyevu, kwa bei iliyo juu kidogo ya ile ya mchanganyiko, utafundisha kuliko semina kumi. Na kodi ndogondogo kwenye bariere na gatini, kati ya kijiji na soko la mji, ziwe na orodha iliyobandikwa ukutani. Kila franka inayolipwa pasipo risiti inaishia kwenye bei ambayo mkulima analipwa, kwa sababu mnunuzi haitoi mfukoni mwake.

Kwa wanaokata msimu huu, miradi haitafika kabla ya mpunga. Vikundi vinaweza kununua bashi kwa mchango na kuzungushana kwa zamu, kupura siku ile ile ya kukata ao kesho yake, kufanya kipimo cha chumvi kabla ya kufunga gunia, na kwenda mashini pamoja wakiwa na mzigo mkubwa wa kutosha kuchagua mashini. Mwenye gunia moja anakoboa palipo karibu. Wenye magunia 40 wanaweza kuuliza kwanza: kilo 100 za mpunga hapa zinatoa mchele kilo ngapi, na pumba zinabaki za nani? Pumba ni chakula cha kuku na nguruwe, zina soko lao Kalemie, na mahali pengi mwenye mashini anazihesabu kuwa zake bila mtu kuuliza.